Nota hizo usizisahihishe: jibu kwa mwalimu wa kwaya kuhusu zaburi za kale za Marekani

Mwalimu wa kwaya wa usharika mmoja mkoani Iringa ameniandikia swali, nami nimelifupisha kidogo:

"Mwalimu, tulipata wageni kutoka Marekani, wakatuachia nakala za nyimbo sita za zamani za kwao, zote za sauti nne bila kinanda. Mmoja unaitwa Africa, wa mtu anayeitwa Billings, na mwingine unaitwa Sherburne. Wanakwaya wangu 26, wanawake 15 na wanaume 11, wamefurahi sana kuona jina la bara letu, lakini tumekwama. Vichwa vya nota ni vya ajabu: vingine pembetatu, vingine mraba. Sauti ya kwanza ukiiimba peke yake huusikii wimbo. Kuna mahali sauti mbili zinapanda pamoja, d na s, kisha r na l, jambo nililofundishwa kwamba ni kosa. Mwisho wa mistari mingine hakuna m, ni d na s tu. Na maneno ya Africa hayaitaji Afrika popote. Je, nakala zimekosewa? Nizirekebishe kabla ya kuzifundisha? Na maneno ya Kiswahili niyaweke vipi?"

Mwalimu, Bwana Yesu asifiwe. Nianze na jibu lenyewe ili usiendelee kuhangaika: nakala zako ni nzima, na ninakuomba usibadilishe nota hata moja. Nimewahi kusikia kwaya nzuri ikiimba nyimbo za aina hii baada ya mwalimu wake kuongeza m kila ilipokosekana na kuhamishia wimbo sauti ya kwanza. Kwa kitabu cha nadharia kila kitu kilikuwa sawa. Lakini wimbo ulikuwa umepoa kama uji wa jana, na waimbaji wenyewe walikuwa wanausubiri uishe.

Tuondoe kwanza hizo pembetatu, maana ni jambo dogo. Waimbaji wa New England, yaani majimbo ya kaskazini mashariki ya Marekani, hawakutumia majina saba ya nota kama sisi, yaani d, r, m, f, s, l, t (do, re, mi, fa, so, la, ti). Walitumia manne tu, wakiyarudia: fa, sol, la, fa, sol, la, mi. Mwaka 1801, huko Philadelphia, William Little na William Smith walitoa kitabu cha kufundishia, The Easy Instructor, ambamo kila jina lilipewa umbo lake. Pembetatu ni fa, duara ni sol, mraba ni la, na umbo la almasi ni mi. Ukizileta kwenye solfa zetu, pembetatu ni d au f, duara ni r au s, mraba ni m au l, na almasi ni t. Mwimbaji akiona umbo anajua ataje nini bila kuhesabu mistari. Ni kazi ileile inayofanywa na solfa tunazoandika ubaoni. Billings mwenyewe hakuziona. Alifariki mwaka 1800, na vitabu vyake vilichapwa kwa nota za mviringo za kawaida. Maumbo hayo yalishika zaidi kusini mwa Marekani, katika vitabu kama The Sacred Harp cha mwaka 1844 kutoka Georgia, na humo ndimo nyimbo nyingi za akina Billings zilimohifadhiwa na kuendelea kuimbwa mpaka leo.

Sasa tuje kwenye wimbo uliopotea. Haukupotea, upo sauti ya tatu. Angalia mstari wa tatu kutoka juu, ulio juu ya besi. Huo ndio uliotungwa kwanza, na huo ndio wimbo wenyewe. Umeandikwa kwa ufunguo wa G, kwa hiyo wanaume wanauimba oktava moja chini ya ulivyoandikwa. Wewe na mimi tumelelewa na vitabu ambamo wimbo uko juu na sauti tatu za chini zinaubeba, kwa hiyo macho yanakimbilia mstari wa juu. Ila kabla hujaniamini, fanya jaribio hili siku ya mazoezi. Mpe kila mtu sauti yake peke yake, aiimbe mwanzo hadi mwisho bila wenzake. Utashangaa kuona kwamba besi nao wana wimbo wa kuimbika. Sauti ya kwanza pia wana wao, ingawa ni wimbo mwingine, wala si ule uliokuwa unautafuta. Muziki huu umejengwa hivyo: nyimbo nne zinatembea pamoja, na moja kati yake, ya tatu, ndiyo mkubwa wao. Kinachoshikilia wimbo ni mwendo wa kila sauti. Ukilielewa hilo, maswali yako mengine yote yanafunguka.

Kwa nini walitunga hivyo? Lazima turudi nyuma kidogo. Wapuritani waliohama Uingereza kwenda Massachusetts waliamini kwamba kinachofaa kuimbwa ibadani ni Zaburi, na ziimbwe kwa sauti za watu tu. Kitabu cha kwanza kuchapwa katika makoloni ya Kiingereza kule, mjini Cambridge mwaka 1640, kilikuwa Zaburi zilizopangwa kwa mizani ili zipate kuimbwa. Nota hazikuwamo. Zilianza kuwekwa katika toleo la mwaka 1698, na yalikuwa mahadhi 13 tu. Kuhusu kinanda, mfanyabiashara wa Boston, Thomas Brattle, alipofariki mwaka 1713 aliacha wosia kwamba kinanda chake cha mabomba kipewe kanisa lake. Kanisa lake likakikataa, kikaenda kwa Waanglikana wa King's Chapel.

Mahadhi 13 kwa Zaburi 150? Hapa msomaji wa Kiswahili ana bahati kuliko Wamarekani wengi wa leo, kwa sababu anajua mizani ni nini. Zaburi zao zilikuwa na vipimo vichache sana. Kipimo kilichotumika zaidi kilikuwa cha mizani 8, 6, 8, 6. Kingine kilikuwa 8 kwa mistari yote minne, sawa kabisa na ubeti wa utenzi wetu. Kingine 6, 6, 8, 6. Basi mahadhi ya wimbo mmoja wa 8-6-8-6 yalitosha kuimbia Zaburi yoyote ya kipimo hicho, kama vile mtu anavyoweza kughani tenzi kumi kwa sauti moja. Na kwa kuwa mahadhi hayakuwa mali ya maneno yoyote, ilibidi yapewe jina lake yenyewe. Watunzi wakachukua majina ya miji, ya mitaa, ya nchi. Kuna wimbo unaitwa China, wa Timothy Swan, na hautaji China. Kuna Windham na Greenwich za Daniel Read. Na kuna Africa.

Kwa hiyo wanakwaya wako wasivunjike moyo. Maneno mliyonayo ni ya Mwingereza Isaac Watts, na yametoka Isaya 49, pale Mungu anapouliza kama mwanamke anaweza kumsahau mtoto wake anyonyaye. Kuna Mungu anayefariji watu wake na furaha inayopasuka kuwa wimbo. Ni maneno mazuri kuyaimba chini ya jina la bara letu, hata kama jina na maneno vilikutana tu njiani.

Lakini Mwafrika halisi ndani ya muziki huu yupo, na ningependa kwaya yako imjue. Aliitwa Occramar Marycoo. Aliletwa mtumwa akiwa bado kijana mjini Newport, Rhode Island, akapewa jina la Newport Gardner. Alijifunza kusoma na kuandika nota, akatunga nyimbo. Mwaka 1791 alipata fedha katika bahati nasibu aliyoshiriki na wenzake, akanunua uhuru wake, na mjini hapohapo akafundisha shule ya uimbaji, yaani kazi ileile ya Billings. Mwaka 1826, akiwa mzee wa miaka 80 hivi, alipanda meli Boston kwenda Liberia, akafia huko. Alikuwa ametunga wimbo wa kwaya kwa maneno ya Yeremia 30, juu ya Mungu kuwarudisha watu wake kutoka uhamishoni. Maneno tunayo, nota zimepotea. Kila ninapoikumbuka habari hiyo naumia. Tuna mamia ya kurasa za wenzake, na za kwake, alizotunga akiwaza kurudi nyumbani, hatunazo.

Nimeitaja shule ya uimbaji, na hapo ndipo penye chimbuko la zile tano zako sambamba, yaani zile sauti mbili zinazopanda pamoja, d na s kisha r na l. Kufikia mwaka 1700 uimbaji wa makanisa ya Massachusetts ulikuwa umerudi kwenye desturi ya kukariri. Vitabu vilikuwa vichache, kwa hiyo mzee wa kanisa alitaja mstari, watu wakauimba, akataja mwingine. Desturi hiyo unaijua. Iko katika sharika zetu nyingi ambako kitabu ni kimoja kwa benchi zima. Mahadhi yaliyojulikana yakabaki machache, na kila mtu akayaimba kwa mwendo wake na madoido yake. Wachungaji wengine hawakupendezwa. Mwaka 1721 vilitoka vitabu viwili vya kufundisha kuimba kwa kusoma nota, kimoja cha John Tufts na kingine cha Thomas Walter. Kukawa na mabishano makali, na upande wa kusoma nota ukashinda polepole.

Mwalimu wa shule ya uimbaji alikuwa anakwenda mjini fulani, anakodi chumba, hata katika nyumba ya wageni, na vijana wa kike na wa kiume wanakuja jioni kwa majuma kadhaa, kila mmoja na mshumaa wake. Wakimaliza wanakaa pamoja kanisani na kuimba walichojifunza. Ndivyo kwaya zilivyozaliwa kule. Billings alifundisha shule ya namna hiyo Stoughton, Massachusetts, mwaka 1774, na mwaka 1786 watu wa mji huo waliunda chama cha uimbaji ambacho kipo hadi leo.

Sasa tazama walimu hao walikuwa akina nani. William Billings, aliyezaliwa Boston mwaka 1746, alikuwa fundi wa kutengeneza ngozi. Jicho lake moja lilikuwa bovu na mguu mmoja mfupi. Akiwa na miaka 24 alitoa The New-England Psalm-Singer, mwaka 1770, chenye nyimbo zaidi ya 120, zote za kwake. Hakuna mtu wa makoloni yale aliyewahi kutoa kitabu cha nyimbo zake mwenyewe tupu. Picha ya mbele ilichongwa na Paul Revere, fundi fedha ambaye baadaye alipata jina katika vita vya uhuru. Africa ilionekana humo kwa mara ya kwanza, kisha Billings akairekebisha na kuitoa tena mwaka 1778. Daniel Read, mtunzi wa Sherburne, alikuwa mtengeneza vitana. Lewis Edson alikuwa mhunzi. Oliver Holden, mtunzi wa Coronation ya mwaka 1793, alikuwa seremala. Justin Morgan anakumbukwa zaidi kwa aina ya farasi inayobeba jina lake kuliko kwa nyimbo zake, ingawa Amanda yake, ya Zaburi ya 90, ni wimbo wenye uzito wa ajabu.

Watu hawa walifanya kazi mchana na kutunga usiku. Walijifunza kwa vitabu vya walimu wa vijijini Uingereza kama William Tans'ur, na zaidi kwa masikio yao. Walianza na sauti ya tatu. Wakishaipata, walitunga besi inayokubaliana nayo, kisha sauti ya kwanza, na mara nyingi sauti ya pili walimalizia, ndiyo maana wanawake wako wa sauti ya pili wanalalamika kwamba nota zao ni chache na zinajirudia. Kila sauti iliyoongezwa ilipimwa: je, inaimbika, na je, inapatana na wimbo pale penye pigo zito? Na mapatano waliyoyapenda kuliko yote ni d na s. Ndiyo maana sauti mbili zinaweza kutembea pamoja kwa tano na mtunzi asishtuke, na ndiyo maana mwisho wa mstari unabaki wazi bila m. Billings aliandika waziwazi katika utangulizi wa mwaka 1770 kwamba hajioni amefungwa na kanuni za utunzi zilizowekwa na waliomtangulia. Kwa hiyo usimhurumie kama mtu aliyekosa kujua.

Je, kanuni uliyofundishwa ni ya uongo? Hapana. Ni kanuni ya muziki mwingine, na ukitunga muziki ule uifuate. Ilikujaje kwetu, hilo nalo lina mkono wa Marekani. Baada ya mwaka 1800 walitokea walimu walioona nyimbo za akina Billings ni za kishamba. Aliyefanikiwa kuliko wote ni Lowell Mason, aliyezaliwa mwaka 1792. Mwaka 1822 alitoa Boston mkusanyiko wa nyimbo zilizopangwa kwa kanuni za Ulaya, wimbo juu, sauti tatu zikiubeba kwa utulivu, na kitabu hicho kikauzwa sana. Baadaye alipeleka somo la muziki katika shule za umma za Boston. Unamjua Mason hata kama jina ni geni kwako: mahadhi ambayo wengi wetu tunaimbia "Karibu na wewe, Mungu wangu" ni yake, ya mwaka 1856. Wamisionari walituletea Marekani ya Mason. Ya Billings ilikuwa imekwisha kufukuzwa mjini, imekimbilia mashambani. Mimi nampenda Mason, na wimbo huo tumewazikia wazee wetu. Lakini masikio aliyotupa yeye ndiyo yanayokufanya udhani nakala zako zimekosewa.

Basi muimbeje? Kwanza, kaeni mraba mkitazamana, kila sauti upande wake, sauti ya tatu ikiwa mbele yako na wewe ukiwa katikati. Waimbaji wa The Sacred Harp hukaa hivyo hata leo. Pale katikati ndipo nyimbo hizi zinaposikika vizuri kuliko mahali pengine popote ukumbini, na ukipata nafasi, mpishe kila mwanakwaya asimame hapo kwa ubeti mmoja. Ukifanya hivyo mara moja hutahitaji kuwaeleza tena kwa nini kila sauti ni wimbo.

Pili, ugawaji, na hili ndilo litakalobadilisha kila kitu. Sauti ya tatu iimbwe na wanaume na wanawake pamoja, wanawake wakiwa oktava moja juu. Sauti ya kwanza nayo iongezewe wanaume wachache walio oktava moja chini. Desturi hiyo ni ya zamani katika muziki huu, na inafanya sauti nne zisikike kama sita. Kwa kwaya yako ningeweka wanaume 3 na wanawake 5 sauti ya tatu, wanawake 6 na wanaume 2 sauti ya kwanza, wanawake 4 wenye sauti nzito sauti ya pili, na wanaume 6 besi. Utaona besi ni wengi kuliko mlivyozoea. Billings alitaka zaidi ya hapo: alisema kundi la watu 40 liwe na besi 20, na wachache wenye sauti nzito kabisa kati yao waimbe oktava ya chini.

Kinanda kitoe sauti ya kuanzia, kisha kifungwe. Nasema kifungwe kabisa, kisiwafuate kwa siri wakati wa mazoezi, kwa sababu d na s za kinanda hazijatulia kama zile ambazo masikio ya wanakwaya yatazipata yenyewe. Kama sauti ya kuanzia iliyoandikwa ni ya juu mno, shusha. Hawa walianzishwa kwa filimbi ya mbao au kwa koo la mwalimu. Imbeni kwanza solfa yote mpaka mwisho, halafu maneno. Hiyo pia ni desturi yao. Msiimbe kwa kunong'ona na kupandisha kama mnavyofanya kwenye nyimbo za mashindano. Sauti iwe wazi, imenyooka, ya kifua, ile ambayo kina mama wanaitoa wakiimba bila kujua kwamba mwalimu anasikiliza. Katika nyimbo zenye huzuni, zile zinazotua kwenye l, mkiona s iimbeni s. Msiigeuze kuwa se, yaani s iliyopandishwa nusu, kwa mazoea.

Kuhusu mwendo, walimu wa zamani walipima kwa uzi wenye kitu kizito mwishoni. Uzi wa karibu mita moja, kutoka unapofungwa hadi katikati ya uzito, unachukua sekunde moja kwenda upande mmoja na sekunde moja kurudi. Utundike kwenye boriti ya ukumbi. Kwaya inayopenda kuvuta itajirekebisha yenyewe kwa kuutazama.

Kwenye maneno ya Kiswahili ndipo nakuomba uwe mwangalifu zaidi, kwa sababu nyimbo zetu nyingi za kutafsiriwa zina jeraha hapa na tumelizoea. Kipimo cha 8-6-8-6 kwa Kiingereza kinakanyaga silabi ya pili, ya nne, ya sita na ya nane. Mstari unamalizikia kwenye silabi nzito. Sisi mkazo wetu uko silabi ya pili kutoka mwisho. Ukiandika mstari wa Kiswahili wa mizani 8 na kuuweka hapo, pigo zito la mwisho linaangukia silabi nyepesi, na watu wanaimba "BwaNA" na "yaNGU". Mizani imetimia, lugha imeumia.

Dawa ni kuongeza mizani moja kila mstari: 9, 7, 9, 7. Nota ya mwisho wa mstari kwa kawaida ni ndefu, kwa hiyo igawe mara mbili kwa sauti ileile. Silabi yenye mkazo ishike pigo zito, na ya mwisho iangukie baada yake. Kwa mfano, nikilichukua wazo la Zaburi ya 121:

Nayainua macho yangu
kwa Bwana wa milima

Hesabu: mstari wa kwanza una mizani 9, na mkazo uko kwenye "nu", "ma" na "ya", yaani ya nne, ya sita na ya nane. Wa pili una 7, na mkazo uko kwenye "Bwa" na "li", ya pili na ya sita. Kila kimoja kimekaa kwenye pigo lake. Kugawa nota ya mwisho si kubadilisha wimbo, kwa sababu sauti ni ileile. Ukipata mshairi katika usharika wako, mpe kazi hii yeye, usiifanye peke yako usiku wa kuamkia Jumapili. Kunakili nyimbo zenyewe hakuna shida: watunzi hawa wamefariki zamani na hakuna anayezimiliki.

Anzeni na Africa. Sherburne iacheni mpaka mmeizoea ya kwanza, maana hiyo ni ya aina nyingine, ya kufukuzana: inaanza sauti zote pamoja, zinatua, halafu sauti moja, mara nyingi besi, inaanza mstari mpya peke yake, ya pili inaingia nyuma yake na maneno yaleyale, kisha ya tatu, kisha ya nne, mpaka zote zinakutana tena mwishoni. Usiifundishe kama mwanzishaji na waitikiaji. Kwetu mwanzishaji akimaliza ndipo wengine wanapokea. Hapa hakuna anayempisha mwenzake, na maneno yanapandana. Billings alisema nyimbo hizi zina nguvu mara 20 kuliko zile za polepole za zamani, kwa sababu kila sauti inashindania ushindi huku zote zikipatana. Kila sauti iingie kwa kishindo kana kwamba ndiyo ya kwanza, basi.

Na ile chodi ya mwisho, yaani mlio wa sauti zote pamoja, isiyo na m. Wanawake wa sauti ya kwanza watajaribiwa kuiongeza, maana sikio linaitafuta. Wazuie. Waambie besi sita washike d ya chini kwa nguvu, bila kutetemesha sauti, na wenye s waiweke sawasawa juu yake, kisha mshikilie kwa sekunde nne au tano na kusikiliza. Ndani ya kila sauti nzito ya mwanadamu zimo sauti nyingine nyembamba zinazopanda juu yake, na ya tano katika mpangilio huo, ukianza kuhesabu na besi yenyewe, ni m, oktava mbili na zaidi juu ya besi. Chodi ikitulia kweli, mtaisikia ikielea juu ya vichwa vyenu, na hakuna hata mmoja wenu atakayekuwa anaiimba.